Kwa mama wa foleni ya mizani, Gerezani

Mama, shikamoo. Jina lako sikuliuliza. Ulikuwa nyuma yangu kwa yule kijana wa mizani, karibu na kituo cha mabasi ya Mwendokasi, siku mshale uliposimama kwenye kilo 94 nikaangua kilio mbele za watu. Miezi mitatu bila chapati wala soda, nalala na njaa, na wapi!

Hukuniambia nipunguze kula. Uliniuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?" Nikacheka. Saa saba usiku bado nawaza kodi na marejesho, saa kumi nimeshaamka. Ukanieleza, wewe nesi mstaafu, kwamba mwili wenye mawazo kila siku hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi. Hiyo huamsha hamu ya vitamu na vya mafuta, na kitambi nacho hunenepa. Usingizi ukipungua, njaa inazidi. Kumbe ndiyo maana zile kashata za usiku wa manane zilikuwa zinanishinda (hizo hata wewe sikukuambia).

Mawazo hayajaisha, kodi bado ipo. Ila sasa nashuka kituo kimoja kabla, natembea. Simu nailaza sebuleni saa nne. Chakula cha jioni nakula, sikiruki. Na ule mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, nimemwambia mume wangu, jambo lililonitoa jasho kuliko mazoezi yote.

Jana nilipima: 89. Kijana wa mizani anakusalimia. Asante sana, mama yangu, popote ulipo.