Sasisho la kompyuta lisikurupukiwe, wala lisikataliwe

Ndugu Mhariri,

Baadhi ya maduka ya steshenari hapa Moshi huzima kabisa masasisho ya Windows, kwa kuogopa kumaliza bando au printa kugoma. Hofu hiyo ina msingi, ila kuzima kabisa ni hatari zaidi. Machi 2017 Microsoft, wenye Windows, ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) cha tundu ambalo programu hasidi ya WannaCry ililitumia Mei mwaka huohuo; kompyuta zisizo na kiraka zilifungiwa mafaili na wenyewe kudaiwa fedha.

Kweli, sasisho nalo huharibu. Julai 19, 2024 faili moja la sasisho lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Kwa hiyo subirini kidogo. Viraka vya Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi: sitisha kwa siku saba kwenye mipangilio, kisha anza na mashine moja, chapa ukurasa wa majaribio, ndipo uguse nyingine. Kabla ya yote nakili mafaili kwenye diski ya nje, na uichomoe.

Kwetu adui mkubwa ni umeme. Ukikatika skrini ikiwa imeandika asilimia 30 ya sasisho, Windows inaweza isiwake tena, ingawa mara nyingi hurekebishika. Ukikatika katikati ya sasisho la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), ubao mama, yaani ubao mkuu wa ndani, wenyewe unaweza kufa. Kompyuta ya mezani iwe na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) yenye betri nzima. Mpakato (laptop) uchomekwe kwenye umeme, betri ikiwa imejaa. BIOS isiguswe siku ya mgao, tafadhali.

Fundi kompyuta,
Moshi