Swansea si bahari ya bata maji

Kaka Shabani,

Shikamoo. Za mabati nimetuma jana. Mwambie fundi asipandishe kenchi kabla mbao hazijakauka. Ada ya Zuhura ivute hadi mwisho wa mwezi, huku baridi imeanza na mita ya gesi inakula kweli kweli. Haya, tuyaache hayo.

Kilichonikaa kooni ni yale maneno yako ya Idi pili mbele ya baba mdogo na mashemeji, eti Swansea, mji huu wa Wales, maana yake "bahari ya bata maji", na mimi ninayeishi hapa sijui. Baraza zima likacheka. Sasa nisikilize.

Ukilikata jina kwa Kiingereza cha leo, swan na sea, bata na bahari unawapata, na hata nembo ya timu ya mpira ina bata maji. Lakini waliolitoa hawakuwa Waingereza. Ni Waviking, mabaharia wa Skandinavia, na kisu kinapita kwingine: Sveins, halafu ey. Svein ni jina la mtu, ey ni kisiwa. Mkia huo wa ey umebaki kwenye visiwa kadhaa vya Wales: Anglesey, Bardsey, Caldey. Hati ya kwanza ya mji, ya kati ya 1158 na 1184, imeandika Sweynesse. Na wenyeji hawasemi "Swon-sii", wanasema "Swonzi". Svein yupi? Wapo wanaomtaja mfalme Sweyn wa Denmark, ila uthibitisho hakuna, usije ukalibeba na hilo barazani.

Wawelisi wenyewe, watu wa Wales, wanauita mji Abertawe. Aber ni mlango wa mto, pale maji yanapoingia baharini, kama Pangani. Tawe ndio mto. Lisome kama lilivyoandikwa, mkazo silabi ya pili toka mwisho, Kiswahili kitupu! Mimi nalitamka vizuri kuliko Waingereza wengi wa hapa, na sijisifu.

Mtego uko kwenye majina yao yanayoanza na llan, yaani kanisa na kiwanja chake. Jina linalofuata hugeuza herufi ya kwanza, kama refu inavyokuwa ndefu. Llandaf ni llan ya mto Taf, T imekuwa D. Llanbedr ni ya Pedr, yaani Petro. Kwenye f ndipo watu huteleza, maana husomwa v na yaweza kuwa imetoka kwa b au kwa m. Llanfair ni ya Mair, Mariamu. Ukifungua kamusi kutafuta "fair" utakesha. Rudisha herufi kwanza, ndipo utafute.

Na wewe ndiye yule yule unayeshikilia kwamba Dar es Salaam ni "bandari salama". Dar ni nyumba, kaka.

Bahari ninaiona kila siku, ila dagaa wa kukaanga wa mama hakuna. Mpe salamu zangu. Nikija nakuja na ramani, baba mdogo aweke kahawa tu.

Mdogo wako,
Mbwana