Mafundi, msipige msasa klarineti za zamani

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye klarineti za zamani, maana kuna jambo linaniuma sana. Nilimpelekea fundi mmoja klarineti yangu abadilishe pedi tu (vile vifuniko laini vya matundu), yeye akaona anisaidie zaidi, akaipiga msasa mwili mzima akaipaka polishi, ikarudi inang'aa kweli ila chapa yote ya mtengenezaji imeondoka na namba yake ya kiwandani haisomeki tena. Nimebaki na kengele tu, ile sehemu pana ya chini, ambayo hakuikwangua sana. Nikaimulika tochi kwa ubavu, nikapaka chaki nyeupe nikafuta na kidole, zikatokea herufi tatu: "ris". Paris hiyo, lakini watengenezaji wa Paris walikuwa wengi mno.

Na hata jina likiwepo lote bado usiridhike haraka. Zamani karakana za Ufaransa, hasa kule La Couture-Boussey, zilikuwa zinatengeneza klarineti halafu zinagongwa jina la duka lililoagiza, kwahiyo jina unalolisoma linaweza kuwa la muuzaji tu na sio la mtu aliyechonga ule mpingo. Upande mwingine makampuni makubwa yalikuwa na majina ya pembeni kwa ajili ya wanafunzi, Bundy ni ya Selmer, Evette ni ya Buffet Crampon, Normandy ni ya akina Leblanc.

Namba nayo peke yake haikupi mwaka, kila kampuni ilikuwa na mfululizo wake, lazima kwanza ujue ni nani ndo utafute namba. Angalia pia kipande cha juu na cha chini kama namba zinafanana, zikitofautiana ujue hapo klarineti mbili zimeunganishwa.

Halafu hili la R13, modeli maarufu ya Buffet Crampon, jamani. Kila Buffet ya zamani ikiuzwa inaitwa R13, wakati modeli hiyo imetoka miaka ya 1950, sasa mtu anakuuzia ya 1930 kwa jina hilo anakudanganya au amedanganywa. Vilevile ukikuta Boosey & Hawkes, kampuni ya Uingereza, majina yote mawili pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya 1930, maana ndo mwaka walioungana. Ile modeli yao ya 1010 ina tundu la ndani pana, karibu milimita 15.2, ukiivisha mdomo wa kawaida (kipande cha kupulizia) tuni inakataa na watu wanaishia kuilaumu klarineti bure.

Ukiona imegongwa HP (High Pitch) usinunue kwa ajili ya kupiga na wenzako, hiyo ni ya tuni ya juu, noti yake ya A inakaribia hezi 452 badala ya 440, na kuvuta vipande hakutoshi kuishusha.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo tu, kabla hamjagusa chochote pigeni picha ya chapa na namba, halafu muulizeni mwenyewe kama anataka msasa.

Mpiga klarineti