Mafundi wa zeze waandike majina yao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu fidla za Italia niliisoma mpaka mwisho, ila ilianza na fundi Stradivari ikaishia kwa Stradivari. Mimi ni seremala hapa Chang'ombe, Dodoma, naomba nafasi nimtaje aliyemtangulia: Gasparo Bertolotti, mzaliwa wa mwaka 1540 huko Salò, kando ya Ziwa Garda. Alihamia mji wa Brescia akafungua karakana, na watu wakamzoea kwa jina la Gasparo da Salò. Alipofariki mwaka 1609, Stradivari alikuwa hajazaliwa.

Ukitazama picha za kazi zake utaona matundu ya sauti ni marefu na yamesimama wima, na pengine alama za patasi bado zipo. Wapo wanaosema ni kazi ya haraka haraka. Mimi nasema huyo alijua mahali pa kutumia muda wake, kwa sababu viola zake, yaani fidla kubwa kidogo za sauti ya chini, zinasifika mpaka leo kwa sauti nzito. Besi moja kubwa inayohesabiwa kuwa yake, aliyokuwa akiipiga mwanamuziki Domenico Dragonetti, imehifadhiwa Venice katika Kanisa la Mtakatifu Marko. Tena mwaka 1588, kwenye maelezo yake ya kodi, alilalamika kwamba biashara yake na Ufaransa imedorora. Wenzangu wa soko la Sabasaba, hapo mmemwelewa.

Mwanafunzi wake, Giovanni Paolo Maggini, naye alijulikana kwa kupachika mistari miwili ya urembo pembezoni mwa fidla badala ya mmoja.

Kilichonifanya niandike ni zeze. Majuzi mzee mmoja kutoka Mvumi aliniletea zeze lililopasuka mpini. Kazi safi kabisa: ngozi imewambwa ikawambika, vigingi vimechongwa kwa mti mgumu na havitelezi hata ukikaza uzi wa waya. Nikamuuliza nani alilitengeneza. Hajui, alilikuta kwa baba yake. Nikamulika tochi ya simu ndani ya kibuyu, hakuna hata herufi moja. Fundi hodari namna ile, na hata kijiji chake hatukijui!

Gasparo alikuwa akibandika ndani ya vyombo vyake kijikaratasi chenye jina lake na la mji, basi. Ndiyo maana leo tunamjadili.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utamaduni wa Mkoa wa Dodoma: mafundi wakileta mazeze yao kwenye Nanenane pale Nzuguni, wahimizwe kuandika jina na kijiji ndani ya kibuyu kabla ya kuwamba ngozi. Kalamu ya wino usiofutika inatosha. Na waandike mwaka pia, maana Gasparo hakuuandika, na wataalamu wanabishana mpaka leo kipi alikitengeneza lini.

Seremala,
Chang'ombe, Dodoma