Somo yangu, eko si eka

Newala, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye upepo. Sisi wazima, na mama hajambo. Nakuambia mapema usije ukaisoma barua yote roho juu. Siku ile nilikwambia kwenye simu kwamba mama kaandikiwa eko, kile kipimo cha moyo, mtandao ukakatika, ukanitumia ujumbe: "Eka ngapi, na za wapi?" Tulicheka mpaka mama akashika kifua, tukaogopa tena. Swali lako la pili, kwamba hilo neno limetoka wapi, ndilo lililonikalia kichwani wiki nzima.

Mama naye aliuliza, tena akiwa kitandani kwenye kipimo. Yule kijana aliyekuwa akimpima alikuwa mpole. Akampaka kile kitu cha baridi (mama anasema ni ute wa bamia mtupu), akamwambia, "Eko ni mwangwi, bibi. Natuma sauti ndani, ikigonga moyo inarudi, mashine inachora." Mama akatulia kidogo, kisha akasema, "Mbona siisikii?" Haisikiki, somo. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hiyo ya kupimia moyo inahesabiwa kwa mamilioni. Ule ute nao una kazi yake: hewa ikibaki kati ya kifaa na ngozi, sauti inarudishwa mlangoni, haiingii.

Walioanza mambo hayo ni watu wawili wa Lund, huko Uswidi, mwaka 1953: daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Walichukua mashine ya aina iliyokuwa ikitumika kutafuta nyufa kwenye vyuma vya meli, wakaielekeza kwenye moyo wa mtu. Nilipomsimulia mama, akasema basi yeye ni jahazi bovu.

Sasa neno lenyewe. Ni la Kigiriki, na mzizi wake ni neno la mlio au mvumo tu. Wengi watakwambia limetokana na binti mmoja wa hadithi zao, Echo, lakini mimi naona kinyume chake: neno la mlio lilikuwapo, binti akaundwa humo. Anavyomsimulia Ovid, mshairi wa Kirumi, binti huyo alikuwa msemaji sana. Alimshika mke wa mungu mkuu kwa maneno ili mume apate nafasi ya kutoroka na wanawake wengine. Alipogundulika akapewa adhabu: asiweze kuanza mazungumzo, arudie tu mwisho wa maneno ya wenzake. Kisha maskini akampenda Narcissus, kijana asiyempenda mtu. Narcissus akiuliza msituni, "Kuna mtu hapa?", yeye anaweza kusema "Hapa" tu. Akakonda kwa huzuni mpaka ikabaki sauti, mifupa ikawa mawe. Mimi hadithi hiyo inaniudhi. Mume ndiye mzinzi, adhabu kala msichana wa watu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki. Mama amelitumia neno hilo tangu utotoni bila kujua. Katekista! Kwa Kigiriki, neno la kufundisha imani kwa mdomo limejengwa juu ya mzizi uleule wa mlio, kama kusema kumvumishia mtu maneno masikioni. Na ndivyo alivyofundishwa mama kigangoni chini ya mkorosho: katekista anasema, watoto wanarudisha. Wewe uliyesoma chuo cha Kurani Mikindani huna haja ya kuelezwa. Maalimu alikuwa akitamka, nanyi mnafuata, na fimbo ipo karibu.

Sisi tuna mwangwi wetu, na sidhani kama tunahitaji eko nje ya hospitali. Unakumbuka likizo ile, baba alipokuwa mlinzi wa ghala la korosho? Msimu ulikuwa umekwisha, ghala tupu. Ukasimama mlangoni ukaita jina lako, ambalo ni langu. Ukuta wa mwisho ukakurudishia, na mimi nikaitika "Abee!" kutoka nje nikidhani naitwa. Halafu tukawa tunasogea ndani hatua kwa hatua huku tukiita, na mwangwi ukapotea, tukaambiana mzimu umekimbia. Leo najua sababu. Sikio linahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kutenganisha sauti mbili, na sauti hewani hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, ukuta usipungue mita 17 hivi kutoka uliposimama. Ukiusogelea zaidi, sauti inajichanganya na yako, unabaki na mvumo, kama ukiita ndani ya tangi la maji ya mvua lililokauka.

Kesho yake tukaenda Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa bonde, tukiamini huko mwangwi utakuwa wa ajabu. Tukapiga kelele mpaka koo zikauma. Kimya. Bonde lilitumeza mzimamzima, maana mbele yetu hapakuwa na ukuta, ni uwazi unaoteremka kuelekea Ruvuma. Bibi akatuambia Mungu hawajibu watoto wasio na adabu.

Majibu ya mama yametoka: moyo umepanuka kidogo kwa sababu ya presha, anameza vidonge na anapunguza chumvi kwa kulalamika sana. Anakuuliza utakuja lini. Uje kabla ya Oktoba, somo, maana ghala likishajaa magunia halirudishi kitu. Unaita, gunia linanyonya sauti yote.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
somo yako