Shukrani kwa mzee wa njia ya Delicate Arch

Jumamosi tulikuwa hifadhi ya Arches, jimbo la Utah, Marekani, marafiki tukipanda kwenda Delicate Arch, tao la mwamba la asili. Ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, sehemu kubwa juu ya mwamba mwekundu mtupu. Kivuli ni cha kutafuta, maji hakuna. Tukishuka, dada mmoja mwenzetu aliteguka kifundo cha mguu, akawa hawezi kukanyaga.

Mzee mmoja aliyekuwa akipanda alikatisha safari yake. Alimvua kiatu taratibu, akamfunga bendeji kwa kuizungusha namba nane, akimfinya vidole kuhakikisha damu inapita. Akampa fimbo zake mbili, lakini kwanza akazifupisha zilingane na kimo chake. Begi la mgonjwa akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni. Kwenye mteremko alitangulia hatua moja, ili dada akiteleza amwangukie yeye. Akatufikisha hadi kwenye gari. Tao lenyewe hakuliona siku hiyo, na jina hakututajia.

Mzee wetu, mguu unaendelea vizuri. Asante sana, Mungu akuzidishie afya. Nanyi mnaopenda kupanda, wekeni begini bendeji na chupa ya maji ya ziada kwa ajili ya mtu msiyemjua.