Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu cha wakusanyaji wa taa za zamani za barabarani kimenunua taa chache, na hilo halinisikitishi. Nguvu zetu zimekwenda kwenye kazi niliyoililia tangu mnipe uenyekiti: kujua umri wa vile tulivyo navyo.

Ile taa nzito ya kuongozea magari ya Crouse-Hinds, iliyotoka Syracuse, New York, ina kioo chekundu chenye neno STOP. Kwa kioo hicho tu, daftari letu liliiita taa ya miaka ya 1920. Mwezi Machi tuliiosha kwa maji ya sabuni na mswaki, na chini ya tabaka la masizi kwenye mlango wa taa unaoshika kioo ikajitokeza namba ya hataza (hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi), tarakimu saba, ya kwanza ikiwa 2. Hataza ya 2,000,000 ya Marekani ilitolewa Aprili 30, 1935. Mlango ule, basi, hauwezi kuwa wa kabla ya siku hiyo. Kioo huenda kikawa kikongwe zaidi, kwani mafundi wa barabarani walichomoa vioo huku wakapachika kule. Daftarini sasa kila kipande kina mstari wake. Tukumbuke pia kuwa namba hutupa mwanzo tu. Kiwanda kiliweza kusubu umbo lilelile kwa miaka mingi.

Tumepata hasara pia. Taa moja ya barabarani tuliyoipeleka kupakwa rangi ilirudi imepigwa mchanga hadi chuma kitupu, lebo ya kiwanda imefutika kabisa. Iliniuma sana. Nawaomba mpige picha kila upande kabla chombo hakijatoka mikononi mwenu.

Walioukosa usiku wa Septemba wamekosa jambo. Tuliwasha balbu ya sodiamu ya shinikizo dogo. Kwanza ikawa ya waridi, kwa sababu ya gesi ya neoni iliyomo, kisha sodiamu ikageuka mvuke polepole na ukumbi mzima ukawa manjano. Shati jekundu la mhazini likawa rangi ya tope! Balbu hizo tuzishike kama mayai: ikipasuka, sodiamu yake huwaka ikikutana na maji.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Mwakani tutaanza na visanduku vya mota na magurudumu ya meno vilivyokuwa vikibadilisha taa. Mwenye nacho akilete, hata kama hakizunguki.